Wajapani walitoza kodi ukubwa wa gari, sisi tunatoza bei

Tangu tarehe 1 Januari mwaka huu wa 2026, gari la mtumba lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019 haliruhusiwi tena kuingia katika soko la Kenya. Hiyo ndiyo kanuni ya miaka minane ya KEBS, na kila Januari mstari wake husogea mwaka mmoja mbele. Kwa hilo pekee hakuna geni. Geni ni kuwa safari hii kanuni imekutana na mambo mengine mawili: ushuru wa forodha uliopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na orodha mpya ya bei za kukadiria ushuru, ile CRSP, ambayo KRA ilitangaza ianze Julai 2025. Ukipita kwenye yadi zetu za Mombasa siku hizi utasikia maneno yale yale kwa mwalimu, kwa dereva wa teksi na kwa mama mwenye duka Kongowea: ile gari ya mwananchi imeondoka mikononi mwa mwananchi.

Gari hiyo twaijua sote. Ni Vitz, ni Passo, ni March, ni Demio, ni Fit. Injini ndogo, mlango wa nyuma unaofunguka kuelekea juu, na mwenyewe hujigamba kuwa ukiitia mafuta ya shilingi elfu moja unakwenda Mtwapa na kurudi mpaka uchoke. Nataka tuizungumze kwa makini, kwa sababu naona watu wengi, na hata viongozi wetu, wameielewa kinyume. Husemwa kuwa Mjapani ni mstadi, ana akili ya ubahili, basi akatengeneza gari bahili. Ustadi upo, siukatai. Lakini gari hili lililetwa zaidi na sheria na kodi, na asiyejua hivyo hawezi kuona ni wapi sisi tunapotea.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1949 Japani ilikuwa bado imevunjika kwa vita. Serikali ikaweka daraja la gari liitwalo kei, yaani gari jepesi, lenye kodi nafuu na masharti mepesi. Mwanzoni injini ilikuwa ya kichekesho, cc 150 tu, ndogo kuliko baadhi ya boda boda za leo, na hakuna aliyetengeneza kitu cha maana kwa kipimo hicho. Wakapandisha hadi cc 360. Mwaka 1955 Suzuki ikatoa Suzulight. Mwaka huo huo ukavuja mpango wa wizara ya viwanda wa “gari la umma”: libebe watu wanne, lifike kilomita 100 kwa saa, bei isizidi yeni 250,000, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa lita moja ilipeleke kilomita 30. Kwa teknolojia ya siku zile ilikuwa ni kama kumwambia mtu ajenge nyumba kwa mifuko miwili ya simiti. Hakuna kiwanda kilichotimiza yote. Lakini lengo lilikuwa limeandikwa, kwa tarakimu, na viwanda vikaanza kulikimbilia.

Aliyekaribia zaidi ni Subaru. Kampuni mama yake ilitokana na kiwanda cha ndege za kivita, na wahandisi wake walijua jambo moja kuliko wenzao wote: jinsi ya kupunguza uzito. Subaru 360 ya mwaka 1958 ilikuwa na uzito wa kilo 385, ikibeba watu wanne waliobanana. Hapo ndipo ilipo siri kubwa ya gari linalonywa kidogo, na haijabadilika mpaka leo. Kabla ya kompyuta, kabla ya betri, kwanza ni uzito. Mzigo usioubeba huulipii petroli.

Daraja la kei limekuwa likipanuliwa kwa hatua: cc 550 mwaka 1976, cc 660 mwaka 1990, na tangu 1998 gari lake lisizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48. Na faida za mwenye nalo si za maneno. Kwa gari jipya la kei kodi ya mwaka ni yeni 10,800. Gari la kawaida la injini ya lita moja hulipa 25,000, la lita mbili 36,000, na likipita lita sita hulipa 110,000. Tena katika sehemu nyingi za nchi, anayenunua gari la kawaida hawezi kulisajili bila kuthibitisha kuwa ana mahali pa kuliegesha, ilhali maeneo mengi yamemwachilia mwenye kei sharti hilo. Raia haambiwi “penda gari dogo”. Anaachiwa kalamu na karatasi apige hesabu yake mwenyewe, na hesabu humpeleka huko. Ndiyo maana gari linaloongoza mauzo Japani kwa miaka mingi ni Honda N-Box, gari la cc 660.

Hata magari yasiyokuwa kei yamebanwa na rula hiyo hiyo. Chukua futi ya fundi ukapime Probox, Premio, Fit au Vitz ya kizazi cha pili: utakuta upana unacheza kwenye milimita 1,690 na 1,695. Si sadfa. Daraja linalofuata kei lina kikomo cha upana wa mita 1.7, urefu wa mita 4.7 na injini ya lita mbili, na hadi mwaka 1989 aliyevuka kikomo alirukishwa kwenye kodi nzito sana. Viwanda vikajifunza kutoa nafasi ndani bila kuongeza mwili nje. Sisi tunaoishi kwenye vichochoro tumekula matunda ya sheria hiyo bila kuijua. Gari linaloingia Kibokoni likageuka bila kukwaruza baraza ya mtu lina deni kwa wabunge wa Tokyo.

Kisha ukaja mwaka 1973. Bei ya mafuta iliruka duniani baada ya vita vya Mashariki ya Kati, na Japani, isiyokuwa na visima vya maana, ilitikisika. Wakati huo huo Marekani ilikuwa imepitisha sheria kali ya hewa safi, na kampuni kubwa za Detroit zikalalamika kuwa haiwezekani. Honda ikatoa Civic yenye injini ya CVCC iliyotimiza masharti ya moshi bila hata kufungwa kifaa cha kusafishia. Daihatsu ikafuata na Charade mwaka 1977, lita moja, silinda tatu. Suzuki ikaleta Alto mwaka 1979 kwa yeni 470,000, na ujanja wake ulikuwa wa kikodi kuliko wa kihandisi: ilisajiliwa kama gari la kibiashara ili ikwepe ushuru wa gari la abiria. Alto hiyo ndiyo iliyozaa Maruti 800 ya India, na baadaye Alto zilizoundwa India ndizo Uber ilizoanza nazo huduma ya Chap Chap nchini mwetu mwaka 2018.

Hapa kwetu kizazi cha wazee wetu hakikuwaamini Wajapani mara moja. Gari lilikuwa Peugeot, Volkswagen, Land Rover. Shaka hiyo ilivunjwa na Safari Rally. Datsun ilishinda 1970 na 1971, Joginder Singh akachukua 1974 na 1976 kwa Lancer, na Shekhar Mehta akaishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Hayakuwa magari bahili yale, lakini mtu aliyeyaona yakitoka kwenye tope la Aprili mzima mzima hakuona haya tena kununua Starlet.

Hatua iliyofuata naiona kuwa muhimu kuliko zote, na ndiyo isiyozungumzwa. Mwaka 1998 Japani ilirekebisha sheria yake ya kuhifadhi nishati na kuleta utaratibu uitwao Top Runner. Wataalamu waliangalia kila kundi la magari kwa uzito wake, wakatafuta gari linalonywa kidogo kuliko wenzake wote, kisha wakasema: kufikia mwaka fulani, wastani wenu nyote ufike hapo au upite. Anayeongoza leo ndiye anayekuwa mstari wa kesho kwa kila mtu. Hakuna anayeweza kudai haiwezekani, maana jirani yake ameshaifanya. Vitz ilizaliwa Januari 1999, katika joto hilo. Fit ilikuja 2001. Prius ilikuwa imeshatangulia Desemba 1997. Mwaka 2009 serikali ikaongeza punguzo la kodi kwa magari yanayonywa kidogo, na mwaka 2011 ikaingia Aqua.

Hapo sharti niseme pia ubaya wake. Ukiwapa watu tarakimu ya kuikimbilia, wako watakaoikimbilia kwa njia za mkato. Mwaka 2016 Mitsubishi ilikiri kuwa takwimu za ulaji wa mafuta za magari yake ya kei zilikuwa zimechezewa, magari 625,000 yakiwamo yale iliyoyaundia Nissan. Desemba 2023 ilikuwa zamu ya Daihatsu, iliyosimamisha upelekaji wa magari yake yote baada ya uchunguzi kukuta udanganyifu katika majaribio ya usalama, na orodha iligusa modeli 64, nyingine zikiuzwa kwa majina ya kampuni nyingine. Si kwamba magari hayo yote ni mabovu. Lakini tusiyachukue maneno ya kijitabu cha muuzaji kama hati ya kadhi.

Na hata tarakimu isiyokuwa na udanganyifu inahitaji kusomwa. Aqua ya mwaka 2011, gari lile lile, ilitangazwa kuwa inakwenda kilomita 40 kwa lita kwa kipimo cha zamani kiitwacho 10-15, na kilomita 35.4 kwa kipimo kilichofuata cha JC08. Gari halikubadilika hata skrubu moja. Lililobadilika ni jaribio. Kipimo cha 10-15 hakikuvuka mwendo wa kilomita 70 kwa saa, na hakikujua foleni ya feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni, kiyoyozi kimewashwa na jua halijazama. Passo yangu ya cc 1000 hunipa 14 mjini, na mafundi huniambia nishukuru. Magari yanayokuja sasa yamepimwa kwa WLTC, ambayo Japani huigawa mara tatu: mjini, nje ya mji, na barabara kuu. Ukiwa yadini ukionyeshwa tarakimu, uliza ile ya mjini. Hiyo ndiyo itakayolala nawe Kisauni.

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mtu anatembea kilomita 1,000 kwa mwezi, na petroli ni shilingi 180. Gari la kilomita 18 kwa lita litamla shilingi 10,000. La kilomita 9 litamla 20,000. Tofauti ni 120,000 kwa mwaka, na kwa familia nyingi hapa hiyo ni karo. Mara moja kwa mwezi EPRA hutangaza bei, nasi wa Mombasa hupata nafuu ya shilingi chache kwa kuwa mafuta huteremkia kwetu. Nafuu hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na inayotokana na aina ya gari unaloendesha.

Je, sheria yetu yamsaidia mtu huyu? Tazama wenyewe. Ushuru wa forodha ni asilimia 35 kwa Vitz na kwa Land Cruiser sawasawa. Kwenye ushuru wa bidhaa kuna ngazi: 20 kwa injini isiyozidi cc 1500, 25 kwa iliyozidi, 35 kwa zile kubwa hasa. Kwa haraka waweza kusema hapo dogo limetazamwa. Lakini mstari wa cc 1500 hauulizi gari linakunywa nini. Prius ya haibridi ya lita 1.8, inayonywa kidogo kuliko karibu kila gari la petroli la cc 1500 barabarani, yaangukia kwenye ngazi ya 25. Gari la cc 1490 lililochoka na linalotoa moshi laingia kwenye 20. Na kwa vile ushuru wote huu hukokotolewa kwa bei, gari jipya zaidi na bahili zaidi hulipa zaidi kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa bora.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ile kodi ya magari iliyopendekezwa kwenye Muswada wa Fedha wa 2024. Asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Fanya hesabu. Kikomo cha juu kilifikiwa na gari la shilingi milioni nne. La milioni ishirini lingelipa sawa nalo. Na mwenye kigari cha 150,000 angelipa zaidi ya hiyo 2.5, kwa sababu ya ile 5,000 ya chini. Pendekezo liliondolewa Juni ile ile, na kila mtu akashusha pumzi. Lakini mimi nilichokiona ni aina ya fikra iliyoliandika. Japani ilimpanga mwenye kei chini kabisa na mwenye lita sita juu kabisa. Sisi tulikuwa tukimwekea dari mwenye gari kubwa.

Wako watakaonijibu kuwa mwenye gari kubwa hulipa kwenye pampu, kwa kuwa tozo ya matengenezo ya barabara ni shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Shida ni kuwa tozo ya pampu humfika mtu akiwa ameshanunua gari. Haimshiki mkono pale yadini, siku anapochagua. Na anayechagua leo anatuchagulia hata sisi, kwa sababu gari lile litabaki kwenye barabara za Pwani miaka kumi na mitano, likibadilisha mikono kutoka Nyali hadi Mariakani hadi Garsen.

Upande mwingine wa mambo ni gereji zetu. Uhafifu wa injini hizi unataka matunzo ya aina yake. Nyingi zimeundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20. Bado kuna mafundi wanaomimina 20W-50 kwa madai kuwa joto la Pwani lataka oili nzito, na mwenye gari hulalama kuwa Wajapani wamemdanganya. Giaboksi ya CVT ina oili yake. Ukiitia ya giaboksi ya kawaida, unaiua polepole. Aqua ina tundu la kuvuta hewa kando ya kiti cha nyuma, la kupooza betri. Mchanga, nyuzi za nguo na mfuko wa muguka vikiliziba, betri huchemka na kufa kabla ya siku zake, na bei ya betri huweza kula akiba ya petroli ya miaka miwili. Vijana wetu wanaotoka vyuo vya ufundi wafundishwe hayo sasa, maana kadiri mstari wa miaka minane unavyosogea, ndivyo tunavyosukumwa kuingia kwenye haibridi, tutake tusitake. Magari madogo ya umeme nayo yako nyuma yao. Sakura ya Nissan, kei ya umeme ya mwaka 2022, kwa kipimo cha kiwandani hukwenda kilomita 180 kwa chaji moja, na Malindi ni kama 120 kutoka hapa.

Sidai kanuni ya miaka minane ifutwe. Uganda wameweka 15, na sitamani magari ya umri huo yajazane Makupa. Ninachodai ni kuwa cheti cha usajili wa Japani huja na gari, na ulaji wa mafuta wa kila modeli umechapishwa na kampuni iliyoiunda. KRA tayari ina orodha ya maelfu ya modeli kwa ajili ya bei. Safu moja zaidi kwenye orodha hiyo, ya kilomita kwa lita kwa kipimo kimoja cha WLTC, ingetosha kuanzia, na ngazi za ushuru wa bidhaa zingefuata safu hiyo badala ya cc. Muswada wa Fedha huletwa kila mwaka na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wabunge wetu wa Pwani, ambao bandari iko mlangoni mwao, sijamsikia hata mmoja akiliuliza hili.

Ifikapo Januari 2027 mstari utasogea hadi usajili wa 2020. Februari ya mwaka huo Toyota ililiacha jina la Vitz kule Japani, gari likaitwa Yaris. Kwa hiyo Vitz zitakazoteremshwa Mombasa kuanzia sasa hadi Desemba ni karibu za mwisho.